Masika Niliyomchongea Mume Wangu

Machi 4

Leo nimemchongea mume wangu. Sentensi hii niliiandika kwanza kwa penseli, nikaifuta. Sasa naiandika kwa wino.

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha jana, na asubuhi nilipofungua darasa langu la nne nikakuta ule ufa wa ukutani umeachama. Juma lililopita ulikuwa uzi. Leo nilichomeka kalamu yangu kupima kina, ikaniponyoka, ikazama humo humo. Chini ya ufa huo hukaa watoto wa mstari wa nyuma, wale warefu, wanaopenda kuegemea ukuta huku wakijifanya wanasikiliza.

Jengo lenyewe ni jipya, halijamaliza hata mwaka. Cheti cha kusema ni salama kilitiwa saini na mkaguzi mkuu wa majengo wa manispaa, na mkaguzi mkuu wa majengo wa manispaa ndiye ninayelala naye kitanda kimoja.

Nilimwambia habari za ufa tangu ukiwa uzi. "Plasta hupasuka, mke wangu. Mkaguzi ni mimi au wewe?" Nikamuuliza kama alifika pale kabla ya kutia saini. Akaongeza sauti ya televisheni. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni, hakukuwa na mwingine wa kusikiliza televisheni ile. Tumeishi pamoja vya kutosha, najua maana ya sauti kupandishwa.

Basi wakati wa mapumziko nikajifungia stoo ya michezo, katikati ya mipira isiyo na upepo, nikapiga namba ya bure ya Tume ya Maadili, ile iliyobandikwa kwenye kila ofisi ya serikali na ambayo sijawahi kusikia mtu ameipiga. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyekula vumbi. Nikamwambia ufa unameza kalamu nzima. Nikamwambia aliyesaini hakukanyaga pale. Hakuniuliza jina. Nilipomaliza nikasema, kama ninavyowaambia wanafunzi wangu kila baada ya somo, "Tumeelewana?"

Akajibu, "Tumeelewana, mwalimu."

Sikuwa nimemwambia kwamba mimi ni mwalimu.

Liko jambo nililolimeza. Mkandarasi aliyejenga madarasa yale ndiye aliyetujengea jiko jipya nyumbani. Mume wangu alisema ni zawadi ya rafiki, nami sikuuliza urafiki huo ulianza lini. Sinki mbili, kabati za ukutani, kaunta ya jiwe jeusi linalong'aa mpaka unajiona uso ukikata vitunguu. Nililipenda jiko lile siku ya kwanza na nalipenda hadi leo. Nilipofika hapo kwenye kusimulia, ulimi ulijikunja wenyewe.

Machi 6

Mvua. Hakuna aliyekuja shuleni. Nimeanza kutumaini kwamba yule mwanamke hakunisikia vizuri.

Machi 13

Wamekuja. Watu wanne na gari jeupe, wawili wakiwa wahandisi. Waligonga ukuta kwa nyundo ndogo, wakatazamana, wakamwita mwalimu mkuu. Kabla ya saa sita madarasa yote mawili ya jengo lile yamefungwa kwa kufuli, na watoto wangu wamehamishiwa ukumbini, ambako tunagawana nafasi na darasa la sita kwa pazia. Wao walishangilia. Kwa mtoto, darasa kufungwa ni sikukuu.

Nilirudi nyumbani nimekwisha kujiandaa kushangaa. Mume wangu alikuwa amekaa sebuleni na viatu miguuni, jambo asilolifanya kamwe. "Wamenisimamisha kazi mpaka uchunguzi uishe," alisema. "Kuna mtu kanichongea."

Nikasema, "Haiwezekani!" Nilisema vizuri sana. Hata mimi ningeniamini.

Machi 15

Mama mkwe amefika kutoka kwake bila kuitwa, na begi kubwa, kumliwaza mwanawe. Huyu mama ananipenda. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alilala chini miezi miwili ili mimi nipate kitanda.

Jioni mezani mume wangu alisema hana shaka aliyemchongea ni naibu wake. Huyu naibu ofisini wanamwita Rula, kwa ajili ya ile rula ya chuma isiyobanduka mfukoni mwa shati lake na kwa ajili ya tabia yake ya kunyooka pia. Ndiye aliyemsimamia mume wangu siku ya harusi yetu. Mimi namwita shemeji, na mimi na mkewe tunaitana wifi, ingawa hakuna damu wala ndoa inayotuunganisha.

"Anakitaka kiti changu," alisema mume wangu. "Siku zote amekitaka."

Mama mkwe akashusha kikombe. "Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyemfanyia hivi mwanangu, mkono aliomnyooshea kidole umkauke. Asipate usingizi. Chakula kimgeukie mchanga mdomoni."

Nikamwongeza chai.

Machi 16

Ilinipasa kusema jana. Pale pale, kabla ya chai kupoa. Leo tayari ni ngumu zaidi.

Machi 22

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Alasiri Rula amekuja, ameloa chapachapa, viatu vinatoa sauti ya chura. Mume wangu akamfungulia mlango nusu, akasimama katikati.

"Kaka, nimekuja kukujulia hali."

"Hali yangu unaijua. Wewe ndiye uliyeipika."

"Mimi? Kwa lipi?" Akacheka, akidhani ni utani wao wa siku zote. Kisha kicheko kikamfia usoni. "Kaka, nakuapia. Hata jengo lenyewe sijalifikia tangu wachimbe msingi. Uliniambia hilo niache, utalishughulikia mwenyewe."

"Nenda nyumbani, mvua itakuua."

"Shemeji yupo? Shemeji!" akaita. "Njoo umwambie mwenzako!"

Nilikuwa nyuma ya pazia la korido. Mama mkwe alikuwa ananitazama. Nikatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikitikia unafiki wa dunia, naye akanipapasa mgongo. Mlango ukafungwa.

Machi 30

Afisa wa Tume amekuja kukagua mali za nyumbani na kulinganisha na zile ambazo mume wangu huziorodhesha kila mwaka kama watumishi wote wa ngazi yake. Alikuja na kijana wa kupiga picha. Afisa mwenyewe ni mwanamke mfupi, wa makamo, viatu vya raba. Alipobisha hodi nikamtambua. Ile sauti ya vumbi.

Nikaazimia kusema kidogo. Ndiyo. Hapana. Karibu. Mume wangu alikuwa bafuni akijichelewesha kwa makusudi, mama mkwe amekaa sebuleni amegeuza uso ukutani, akipumua kwa nguvu ili mgeni ajue hakaribishwi.

Afisa alipita vyumbani, akatazama gari, akatazama tenki la maji. Mwisho akaingia jikoni, akasimama. Akapitisha kiganja juu ya jiwe jeusi.

"Jiko zuri."

"Asante."

"Limekamilika lini?"

"Mwaka jana."

"Nani alijenga?"

Hapo ndipo palipokuwa pangu pa kusema kweli. Hakuna aliyenishikia kisu. Angalau ningeweza kusema, mwulize mume wangu. Lakini nilimwona mume wangu amesimama mlangoni nyuma ya afisa, taulo shingoni, uso umemsinyaa kama tunda lililosahauliwa, na kitu ndani yangu kikaruka mbele kumkinga, kitu kile kile kilichomsaliti.

"Kaka yangu," nikasema. "Kaka yangu ni fundi. Alitujengea kwa kutusaidia, hakuna mtu wa nje aliyetia mkono humu. Tumeelewana?"

Neno langu la darasani likanitoka hivyo hivyo.

Kalamu ya afisa ikasimama. Hakunitazama mara moja. Kwanza alitazama sinki, ya kwanza, ya pili. Kisha akainua macho. Sikuona hasira humo, wala mshangao. Aliniangalia kama ninavyomwangalia mtoto mwerevu niliyemkamata akinakili.

"Tumeelewana, mwalimu," alisema, akaandika.

Machi 31

Mume wangu amenishika mkono mbele ya mama yake. "Huyu," alisema, "huyu ndiye aliyeniokoa." Mama mkwe akalia. Nimepika maharage, yamewashinda watu kwa chumvi.

Aprili 7

Nimekwenda kwenye duka la vitambaa la wifi, mke wa Rula. Nilijiambia naenda kununua pazia la ukumbi. Uongo. Nilitaka kuona kama bado anaweza kunitazama.

Duka halikuwa na mtu. Wake wa maofisa wa manispaa ndio walikuwa wateja wake wakubwa, na sasa, alisema, wanapita upande wa pili wa barabara kama vile dukani kwake kuna surua. Ofisini hakuna anayekaa meza moja na mumewe wakati wa chakula. Kwenye kiti chake kuna mtu aliandika kwa chaki: MCHONGEZI.

"Hakuifuta," wifi alisema. "Ameikalia. Amerudi nyumbani maandishi yako kwenye suruali." Akacheka, machozi yakimtoka. Kisha akaacha kucheka. "Wifi, wewe unaamini ni yeye?"

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha bluu. Nikakikunja, nikakikunjua.

"Mambo ya wanaume haya, wifi," nikasema. "Mimi siyajui."

Akakipima kitambaa kile, akakikata, akakifunga vizuri. Hakuniaga.

Katika yote niliyoandika humu, hili ndilo ovu kuliko yote. Simu niliipiga kwa ajili ya watoto. Ule uongo wa jikoni niliusema kwa ajili ya mume. Hili la leo sijui nililifanya kwa ajili ya nani.

Aprili 12

Mvua kubwa, upepo. Ukuta bado umesimama. Wazazi wamekuja kunung'unika: watoto wamebanwa ukumbini kama dagaa koponi, na jengo zima liko pale limefungwa kwa fitina za watu. "Si mnaona halijaanguka?" alisema baba mmoja. Nilisimama dirishani nikiutazama ukuta, na Mungu anisamehe, nikautamani uanguke.

Aprili 19

Rula amehamishwa. Kituo cha mbali, mwisho wa barabara ya lami na mbele zaidi. Mkuu wa idara amesema ni uhamisho wa kawaida. Mama mkwe alipopata habari akasema, "Dua zangu zimefika."

Aprili 20

Nimemwambia.

Mama mkwe alikuwa amelala kidogo baada ya chakula. Mume wangu alikuwa jikoni akirekebisha bawaba ya kabati. Siku hizi hurekebisha hata visivyoharibika. Nikasimama upande wa pili wa kaunta.

"Baba watoto, si Rula aliyepiga simu."

Bisibisi ikaendelea kuzunguka.

"Ni mimi."

"Najua," alisema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaweka bisibisi juu ya jiwe, taratibu, asilikwaruze.

"Siku waliyonisimamisha walinisomea malalamiko. 'Ufa unameza kalamu nzima.' Nilirudi hapa, ukaingia baada yangu ukaanza kupekua droo, unatafuta kalamu nyingine. Ile yako ya siku zote haikuonekana tena. Mimi si mjinga, mke wangu. Mvivu, labda. Mjinga, hapana."

"Tangu siku ile ulijua? Na Rula? Ulimfungia mlango kwenye mvua, na unajua?"

"Ungetaka nifanyeje?" Sauti ilimpanda, akaishusha kwa ajili ya mama yake. "Nilihitaji mtu wa kumchukia. Ningekuchukia wewe, ningekula chakula cha nani? Ningelala wapi? Nikasema, Rula ni rafiki, atavumilia. Kila nilipotaka kuacha nikakuona unamtikisia mama kichwa, unamwongeza chai. Nikajua na wewe umekubali."

Nikamwambia sikukubali. Akaniuliza, "Basi hiyo ilikuwa nini?"

Kwa majuma yote haya nilijiona mimi ndiye mwenye siri, namhurumia kwa kutojua. Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja ameshika upande wake, na Rula katikati tumemkamua kama nguo.

"Na ufa?" nikamuuliza mwisho. "Kama ukuta ungewaangukia wale watoto?"

Hapo ndipo aliponiinamishia kichwa. "Kila mvua ikinyesha," alisema, "nahesabu saa za masomo. Sijakwambia. Kila mvua."

Aprili 21

Hatukuzungumza, ila chumvi na ufunguo wa geti.

Aprili 24

Nimempigia afisa wa Tume. Nimemwambia nilichosema jikoni hakikuwa kweli na nataka kukirekebisha mbele ya kikao.

"Mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe," alisema.

"Sitaki kulazimishwa."

Nikasikia anakohoa kando ya simu. "Mwalimu, kusema uongo kwa Tume ni kosa. Litaandikwa."

"Liandikwe."

Mei 2

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi mdogo wenye feni moja na viti vya plastiki. Wajumbe watano mezani, mwenyekiti wao jaji mstaafu anayesikia kwa sikio moja na kuwageuzia watu hilo hilo. Nusu ya idara ya majengo imekuja kutazama. Mama mkwe amekaa mstari wa mbele, amevaa nguo yake ya heshima. Rula alikuwa kwenye benchi la mashahidi, peke yake, nafasi tupu pande zote mbili.

Nilipoitwa nikasimama. Kabla sijafungua mdomo mume wangu naye akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mke wangu asiulizwe. Jiko lile alilijenga mkandarasi wa shule, bure, nami nilijua kwa nini. Jengo sikulikagua. Nilisaini nikiwa ofisini, ninakunywa soda."

Ukumbi ukavuma. Mama mkwe akafunika mdomo. Mimi nilibaki nimesimama kama mgeni aliyekuta harusi imekwisha. Aliutua mzigo kabla sijaupokea, sijui kwa huruma au kwa kunikomoa.

"Na mimi nilidanganya," nikasema hata hivyo. "Nilimwambia afisa wenu ni kaka yangu aliyejenga. Kaka yangu ni dereva, hawezi kupachika hata kigae kimoja. Na kuna la pili, mheshimiwa. Yule bwana kwenye benchi pale, siye aliyewapigia simu. Aliyepiga ni..."

"Mama!" Mwenyekiti aliinua kiganja. "Ishia hapo. Sheria inamlinda mtoa taarifa. Tume haimtaji na hairuhusu atajwe humu. Hata na yeye mwenyewe."

"Lakini kuna mtu anaumia kwa..."

"Keti, mama."

Nikaketi. Sheria ile iliwekwa kwa ajili ya watu kama mimi, na leo imenifunga mdomo palipofaa kusema. Yule afisa wa sauti ya vumbi alinitazama kutoka pembeni, kisha akatazama mlango. Ni mlango tu alioutazama. Lakini nimefundisha miaka mingi, najua mtu anapokuonyesha jibu bila kulisema.

Kikao kilipoahirishwa, watu wakamwagika kwenye korido, wanasubiri mvua ipungue. Wote walikuwepo: wahandisi, makarani, mkuu wa idara na mwavuli wake. Humo hakukuwa na Tume. Nikasema kwa sauti ya darasani, ile inayofika mstari wa nyuma.

"Sikilizeni. Aliyepiga simu ni mimi. Mke wake. Rula hakujua chochote. Nimewaacha mkamtemea mate tangu Machi, na nilikuwa najua."

Mkuu wa idara akafungua mwavuli humo humo ndani. Rula hakunikaribia. Alitoa ile rula mfukoni, akaitazama, akairudisha, kisha akatoka kwenye mvua bila kufunika kichwa.

Nyumbani mama mkwe alikunja nguo zake kitandani, nami nikasimama mlangoni.

"Mama, nisamehe."

"Kumchongea mwanangu," alisema, akikunja, "hilo nitalifikiri. Alikosea, na watoto wa watu wangekufa. Labda nami ningekuwa na moyo ningefanya. Lakini kila jioni nilimlaani mtu asiye na kosa, mezani kwako, na wewe unanimiminia chai. Ulinitazama tu." Akakaa ghafla, mikono mapajani, amezeeka. "Sasa laana zangu nazirudishaje? Hebu niambie, wewe uliyesoma."

Mei 3

Mama mkwe ameondoka asubuhi. Hakukubali nimbebee begi.

Mei 17

Uamuzi umetoka. Mume wangu amefukuzwa kazi, haruhusiwi kushika ofisi ya umma kwa miaka mingi. Mkandarasi amefikishwa mahakamani. Mimi nimepewa onyo la maandishi, litakaa kwenye faili langu la ualimu. Kuhusu Rula, idara inasema uhamisho wake haukuwa adhabu, hivyo hakuna cha kufuta.

Mei 22

Wamebomoa ukuta. Nilidhani utaanguka kwa pigo moja. Mafundi wametoka jasho kutwa nzima. Nilimuuliza msimamizi wao kama ungeanguka wenyewe.

"Nondo zake ni kama nyaya za kuanikia nguo," alisema. "Lakini, mwalimu, ungeweza kusimama hata miaka kumi. Ungeweza kuanguka leo. Nani ajuaye?"

Jioni nilimsimulia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, televisheni imezimwa. Akauliza watoto wa mstari wa nyuma wanaitwa nani. Nikamtajia, mmoja mmoja.

Mei 28

Jua kali, matope yamekauka barabarani yakashika alama za magurudumu. Leo Rula na mkewe wamehama.

Mume wangu alisema tutakwenda wote. Alifika hadi kona, akaliona lori, akarudi. Sikumlaumu, wala sikurudi naye.

Rula alikuwa juu ya lori akipanga viti. Aliniona, akaendelea kupanga. Majirani waliokuja kusaidia walikuwa wachache. Wifi alitoka ndani akivuta godoro la watu wawili, limemkalia begani, limemziba uso. Nikasimama mbele yake na yale maneno niliyoyafanyia mazoezi njia nzima.

"Wifi, nimekuja..."

"Nimekuona umekuja."

Hakusema karibu. Hakusema toka. Godoro lilikuwa linateleza, upande mmoja umeanza kugusa vumbi. Aliniangalia kwa jicho moja tu, jingine liko nyuma ya godoro.

"Shika upande huo," alisema.

Nikashika. Tulivuka ua, yeye mbele, mimi nyuma, nikijitahidi kwenda na hatua zake.

"Inua," alisema bila kugeuka. "Unaburuza."

Nikainua.